Kinachoachia ni Kipi? Bondi za Kemikali na Tabia za Kampaundi

Naitrojeni humuumbua kila aliyekariri kemia bila kuielewa. Atomu zake mbili zimeshikana kwa bondi ya mara tatu, na kuzitenganisha kunadai nishati ya kilojuli 945 kwa kila moli, kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe. Bondi ngumu kuliko hiyo ni za kuhesabu. Sasa aliyefundishwa kwamba "bondi ikiwa imara, kiwango cha kuchemka kinakuwa juu" angetarajia naitrojeni iwe jiwe. Kumbe huchemka nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri, na karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni hiyo hiyo naitrojeni.

Takwimu haina kosa. Kosa ni kuuliza "bondi hii ina nguvu kiasi gani?" kabla ya kuuliza "hapa kinachoachia ni kipi?" Naitrojeni inapochemka, atomu haziachani. Zinazoachana ni molekuli na molekuli, na hizo zilikuwa zimegusana tu, hazikufungamana. Ukiuliza swali hilo kwa kila kitu kinachoyeyuka, kinachochemka, kinachovunjika au kinachopitisha umeme, mambo mengi yanayoonekana kama orodha ya kukariri yanaanza kujieleza.

Kuna mtego mmoja tuuondoe mapema, na ni wa lugha yetu. Tunasema chumvi "imeyeyuka" kwenye maji, na pia barafu "imeyeyuka" juani. Haya ni mambo mawili. Barafu imepata joto, ikageuka kutoka yabisi kuwa kimiminika. Huko ndiko kuyeyuka. Chumvi kwenye maji imemumunyika: ioni zake, yaani atomu zenye chaji ya umeme, zimechukuliwa na maji, na bila maji isingefanya hivyo kwa joto la kawaida. Katika makala hii, kuyeyuka ni kwa joto na kumumunyika ni ndani ya kimiminika kingine. Vivyo hivyo "chuma" na "metali". Shaba ni metali, si chuma. Ukivichanganya hivi, hata jibu sahihi linasomeka kama kosa.

Chumvi haina molekuli

Picha ya kawaida ya bondi ya ioni ni sodiamu ikiipa klorini elektroni moja, mshale mmoja, basi. Maelezo yake huwa kwamba sodiamu "inapenda" kutoa elektroni. Hesabu inakataa. Kuing'oa elektroni ya nje kwenye atomu za sodiamu zilizo katika hali ya gesi kunagharimu kilojuli 496 kwa moli. Klorini ikizipokea hurudisha kilojuli 349 tu. Biashara hiyo ikiishia hapo ni hasara ya kilojuli 147. Kinacholipa deni ni hatua inayofuata: ioni za sodiamu zenye chaji chanya na ioni za kloridi zenye chaji hasi zikisogeleana na kujipanga kuwa fuwele, hutoka takriban kilojuli 787 kwa moli.

Kwa hiyo kupeana elektroni ni maandalizi. Bondi yenyewe ni mvutano wa chaji unaofuata, na mvutano huo hauchagui upande wala mwenza. Ioni moja ya sodiamu huvuta kila kloridi iliyo karibu, na nafasi inaruhusu sita: juu, chini, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kila kloridi nayo ina sodiamu sita. Mpangilio unaendelea hivyo hadi ukingo wa punje. Ukiuliza sodiamu hii ni ya kloridi ipi, hakuna jibu. NaCl, fomula ya chumvi, ni uwiano tu, sodiamu moja kwa kila kloridi moja, wala si jina la kitu chochote kilichojitenga ndani ya fuwele.

Jambo hili halikukubalika kirahisi. William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence Bragg walionyesha mwaka 1913, kwa kupitisha eksirei kwenye fuwele, kwamba ndani ya chumvi hakuna jozi za NaCl. Mwaka 1927 mkemia Henry Armstrong alikuwa bado analalamika kwenye jarida la Nature, akiikataa picha hiyo ya ioni zilizopangwa kama ubao wa sataranji. Mwanafunzi anayeandika leo "molekuli ya NaCl" ana mwenzake mashuhuri, ila mwenzake alishindwa.

Sasa swali letu: chumvi inapoyeyuka, kinachoachia ni kipi? Ni mvutano huo huo wa chaji, kila upande, hakuna sehemu dhaifu ya kupitia. Ndiyo maana chumvi inangoja hadi nyuzi 801. Oksidi ya magnesiamu ina mpangilio ule ule wa fuwele, lakini ioni zake zina chaji mbili mbili badala ya moja moja. Mvutano hufuata zao la chaji, mbili mara mbili ni nne, na ioni zenyewe zimekaribiana zaidi: pikomita 210 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita) kutoka kitovu hadi kitovu, dhidi ya 282 za chumvi. Nishati ya fuwele inaruka hadi takriban kilojuli 3,800 kwa moli, karibu mara tano, na kiwango cha kuyeyuka kinafika nyuzi 2,852. Ndiyo maana matofali ya oksidi ya magnesiamu hujengewa kuta za ndani za tanuri za kuyeyushia chuma.

Weka punje kubwa ya chumvi ya mawe juu ya kitu kigumu, uigonge kwa nyundo ndogo. Haibonyei. Inapasuka, na ukitazama vipande kwa lenzi ya kukuzia utaona pande bapa na pembe mraba, vijisanduku vilivyotoka kwenye sanduku. Pigo limesogeza tabaka moja la ioni kwa hatua moja. Mahali palipokuwa na chanya mbele ya hasi sasa pana chanya mbele ya chanya, na hasi mbele ya hasi. Ule mvutano uliokuwa ukiishika fuwele umegeuka msukumano papo hapo. Kampaundi za ioni ni ngumu na zinavunjika kirahisi kwa sababu hiyo hiyo moja, ingawa vitabu huziorodhesha kama tabia mbili zisizojuana.

Umeme unafuata mantiki hiyo hiyo. Chaji zimo tele kwenye chumvi kavu, ila kila moja imebanwa mahali pake. Umeme unataka chaji zinazotembea. Chumvi ikiyeyuka zinatembea, ikimumunyika pia zinatembea. Viwandani sodiamu hutengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye chumvi iliyoyeyuka, na huwa wanaichanganya na kloridi ya kalsiamu ili mchanganyiko uyeyuke kwenye nyuzi 600 hivi badala ya 801. Ioni ngeni zinavuruga mpangilio, na fuwele iliyovurugika huachia mapema.

Maji yanavyoing'oa chumvi

Kuna fumbo hapa ambalo wengi hulipita. Chumvi inahitaji nyuzi 801 ili iachie, halafu kijiko chake kinapotea kwenye bilauri ya maji baridi ndani ya dakika mbili. Nguvu imetoka wapi?

Molekuli ya maji haina chaji kwa jumla, lakini ina ncha. Oksijeni huvuta elektroni kuliko haidrojeni, na kwa kuwa molekuli imepinda kwa pembe ya digrii 104.5, upande wa oksijeni unakuwa hasi kidogo na upande wa haidrojeni chanya kidogo. Ioni ya sodiamu iliyo kwenye kona ya fuwele ina majirani watatu tu badala ya sita. Maji yanaizingira kwa upande wa oksijeni, kila molekuli ikivuta kidogo. Kona inaondoka, nayo inaacha kona nyingine wazi. Kloridi inachukuliwa vivyo hivyo, ila maji yanaigeuzia upande wa haidrojeni.

Daftari la nishati linasema hivi: kuivunja fuwele kunadai kilojuli 787, na maji yakizikumbatia ioni hurudisha takriban 783. Upungufu ni kilojuli 4 hivi kwa moli, unaochukuliwa kutoka kwenye maji yenyewe, nayo yanapoa kidogo sana. Kilichobaki kinasukumwa na ule mwelekeo wa vitu kutawanyika. Hapo ndipo utaona kwamba kumumunyika ni mashindano ya namba mbili kubwa zinazokaribia kulingana. Nitrati ya amonia ina upungufu mkubwa, karibu kilojuli 26, na ndiyo iliyomo kwenye baadhi ya mifuko ya kupoozea maumivu: ukiuminya, maji na chembe vinakutana na mfuko unakuwa baridi. Kloridi ya kalsiamu isiyo na maji inakwenda upande wa pili, hutoa kilojuli 80 hivi, na mmumunyo wake unaweza kuunguza mkono wa asiyejua.

Fuwele ikishinda, kampaundi haimumunyiki, na hilo linakanusha kauli kwamba kampaundi za ioni zote humumunyika kwenye maji. Salfati ya bari ni mfano ninaoupenda. Ioni za bari ni sumu, lakini mgonjwa hunyweshwa salfati ya bari ili utumbo uonekane kwenye eksirei, kwa kuwa lita moja ya maji huchukua miligramu mbili na kitu tu. Kabonati ya bari nayo humumunyika kidogo sana kwenye maji, ila asidi ya tumboni huivunja na kuziachia ioni. Jina linabadilika nusu, matokeo yanabadilika yote.

Bondi moja ndani, kani nyingine nje

Bondi ya kovalenti ni atomu mbili kushirikiana jozi ya elektroni. Gilbert Lewis aliieleza hivyo mwaka 1916, na wazo lake bado linafanya kazi. Tofauti na bondi ya ioni, hii ina mwelekeo na ina mwenza maalumu. Kwa hiyo huzaa vitu vya aina mbili vinavyopishana kama mbingu na ardhi, na kuviweka kwenye kapu moja la "kampaundi za kovalenti zina kiwango kidogo cha kuyeyuka" ni kumpoteza msomaji.

Linganisha dayoksaidi ya kaboni na dayoksaidi ya silikoni. Kaboni na silikoni zinafuatana kwenye kundi moja la jedwali la elementi, fomula ni CO₂ na SiO₂. Ya kwanza ni gesi, na ikiwa yabisi hugeuka gesi moja kwa moja kwenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Ya pili ni mchanga wa kwatzi, inayeyuka karibu na nyuzi 1,700. Kaboni huweza kushika kila oksijeni kwa bondi mbili, ikawa imetosheka: molekuli za atomu tatu-tatu zinazojitegemea. Silikoni haiwezi vizuri hivyo, basi hushika oksijeni nne kwa bondi moja moja, na kila oksijeni hushika silikoni mbili, na wavu unaenda bila kikomo. Dayoksaidi ya kaboni ikigeuka gesi kinachoachia ni mguso wa molekuli na molekuli. Kwatzi ikiyeyuka, zinazokatika ni bondi za kovalenti zenyewe.

Almasi ni wavu wa namna hiyo, kaboni kila moja na wenzake wanne. Grafiti nayo ni kaboni tupu, ila kila atomu ina wenzake watatu kwenye bapa moja, na elektroni ya nne inazurura juu ya bapa lote. Ndani ya bapa atomu ziko pikomita 142, karibu kuliko zile 154 za almasi. Kati ya bapa na bapa kuna pikomita 335. Elektroni inayozurura inakueleza kwa nini grafiti inapitisha umeme, na umbali huo unakueleza kwa nini inachora karatasi na bado haiyeyuki kirahisi: kuteleza kunahitaji bapa ziachie, kuyeyuka kunahitaji bapa zichanike. Kuteleza kwenyewe kuna siri yake pia. Brashi za kaboni, vile vipande vinavyosuguana na sehemu inayozunguka ili kupitisha umeme, kwenye mitambo ya umeme ya ndege zilizokuwa zikiruka juu sana, enzi za Vita vya Pili vya Dunia, zilikuwa zinalika upesi, maana grafiti huteleza vizuri ikiwa na mvuke wa maji, na hewa ya juu ni kavu.

Kwa molekuli zinazojitegemea, kani za nje zinategemea ukubwa na umbo la wingu la elektroni. Tazama klorini, bromini na iodini. Nguvu ya bondi ndani ya molekuli inashuka: kilojuli 242, 193, 151. Kiwango cha kuchemka kinapanda: nyuzi 34 chini ya sifuri, kisha 59, kisha 184. Namba mbili zinapishana njiani, moja ikishuka nyingine ikipanda. Sijui ushahidi mwingine mfupi kuliko huu wa kumtoa mtu kwenye kosa tulilolianza. Iodini ina elektroni nyingi, wingu lake linayumba kirahisi, na miyumbo hiyo huzivuta molekuli jirani.

Kisa cha sukari nacho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Molekuli moja ya sukari, C₁₂H₂₂O₁₁, ina vikundi vinane vya oksijeni na haidrojeni vinavyoshikana na vya jirani. Kila mshiko ni dhaifu, ila vinane si mchezo. Matokeo yake, kabla joto halijatosha kuziachanisha molekuli kwa utulivu, linakuwa limeshatosha kuanza kukata bondi za ndani. Sukari huyeyuka huku ikiharibika, kuanzia nyuzi 160 hivi na kuendelea, inakuwa ya dhahabu, kahawia, mwisho makaa na mvuke. Selulosi ya karatasi na pamba imeenda mbali zaidi. Mnyororo wake una mishiko mingi mno, haiyeyuki kabisa, inaungua moja kwa moja. Ukiona kitu kinageuka makaa kabla ya kuyeyuka, hiyo ni taarifa: kani za nje zimeshindana na bondi za ndani, zikatoka sare.

Birika halitoi haidrojeni

Maji yanapochemka wapo wanaoandika kwenye mtihani kwamba "bondi kati ya haidrojeni na oksijeni zinakatika". Ingekuwa hivyo, birika lingetoa haidrojeni na oksijeni kwa uwiano wa mbili kwa moja, mchanganyiko unaolipuka kwa cheche moja. Birika lingekuwa bomu. Kinachotoka ni mvuke, nao ni maji yale yale, kila molekuli nzima. Kuvukiza moli moja kunadai kilojuli 40.7. Kukata bondi zake zote mbili kungedai takriban 926.

Hata hivyo kilojuli 40.7 ni nyingi kwa molekuli ndogo kiasi hicho. Salfidi ya haidrojeni, H₂S, ni nzito karibu mara mbili ya maji na huchemka nyuzi 60 chini ya sifuri. Kwa mwenendo wa kundi lake, maji yangepaswa kuwa gesi siku zote. Kinachoyashika ni bondi ya haidrojeni: haidrojeni iliyofungwa kwenye oksijeni, naitrojeni au florini huachwa karibu uchi upande mmoja, ikavutwa na elektroni za molekuli jirani. Mshiko mmoja ni kilojuli 20 hivi, na molekuli ya maji huweza kushika wenzake wanne. Jina lake linapotosha. Kwa kipimo cha nguvu hii haifiki popote karibu na bondi ya kovalenti, na mimi ningefurahi ingeitwa mshiko.

Mshiko huo una mwelekeo, na hapo ndipo barafu inapopata tabia yake ya ajabu. Ili kila molekuli ishike wanne kwa pembe sahihi, lazima zisimame mbalimbali, kukabaki matundu. Barafu huchukua nafasi zaidi kwa asilimia 9 hivi kuliko maji yaliyoitengeneza, ndiyo maana huelea, na ndiyo maana chupa ya kioo iliyojazwa hadi shingoni hupasuka kwenye friza.

Ukitaka kuona kazi ya mshiko huu bila uzito kuingilia, weka ethanoli na dimethili etha bega kwa bega. Fomula ni C₂H₆O kwa zote mbili, atomu zile zile, uzito ule ule. Ethanoli ina haidrojeni iliyofungwa kwenye oksijeni, etha haina. Moja huchemka nyuzi 78, nyingine nyuzi 24 chini ya sifuri.

Metali nitazipitia upesi, kwa kuwa kanuni yake ni fupi. Atomu zimeachia elektroni zao za nje ziwe za wote, na ioni chanya zimekaa ndani ya bahari hiyo. Tabaka likisogea, bahari inasogea nalo, hakuna chaji zinazogeuka kutazamana vibaya kama kwenye chumvi. Ndiyo maana waya wa shaba unapinda pale ambapo punje ya chumvi inapasuka. Idadi ya elektroni zinazochangwa ina mchango wake: sodiamu inachanga moja na kuyeyuka nyuzi 98, magnesiamu mbili na nyuzi 650. Ila msiifanye sheria. Aluminiamu inachanga tatu na inayeyuka nyuzi 660 tu, zebaki ni kimiminika, na tungsteni inafika 3,422.

Kanuni ya 1.7 na pale inapoanguka

Linus Pauling alitoa mwaka 1932 kipimo cha uwezo wa atomu kuvuta elektroni za bondi. Florini ni 3.98, oksijeni 3.44, klorini 3.16, kaboni 2.55, haidrojeni 2.20, sodiamu 0.93. Toa ndogo kwenye kubwa. Tofauti ikizidi 1.7 husemwa bondi ni ya ioni, ikiwa chini ni ya kovalenti. Kwa NaCl ni 2.23, sawa. Lakini floridi ya haidrojeni ina 1.78, nayo ni molekuli inayochemka nyuzi 19.5. Haidridi ya sodiamu ina 1.27, nayo ni fuwele ya ioni. Kanuni hiyo ni kipimajoto chenye alama moja tu, na bondi halisi ziko kila mahali kati ya ncha mbili.

Kanuni ya "metali na simetali hutoa ioni" ni dhaifu zaidi. Tetrakloridi ya bati, na hapa bati ni ile elementi, wala si la kuezekea, ni kimiminika kinachochemka nyuzi 114. Tetrakloridi ya titani nayo ni kimiminika, hufuka moshi mweupe ikikutana na hewa yenye unyevu. Ioni ndogo yenye chaji nne ingekuwa na mvuto mkali mno. Badala ya kukaa mbali na kloridi inavuta wingu lake la elektroni hadi linakuwa la wote wawili. Bati hilo hilo likiwa na chaji mbili, kloridi yake ni yabisi inayoyeyuka nyuzi 247. Kloridi ya aluminiamu inafanya kituko kingine: ikiyeyuka hugeuka molekuli za Al₂Cl₆ na karibu isipitishe umeme, basi haifai kuchukuliwa aluminiamu kwa njia hiyo. Viwanda hutumia oksidi, iliyomumunyishwa kwenye kriolaiti (madini ya sodiamu, aluminiamu na florini) iliyoyeyuka, kwenye nyuzi 950 hivi. Upande wa pili, kloridi ya amonia haina metali hata chembe, ni naitrojeni, haidrojeni na klorini, lakini ni chumvi ya ioni isiyo na shaka.

Kwa hiyo usiamue kwa fomula. Pima.

Kupima kwa batri na kijiko

Kinachohitajika ni batri ya volti 9, LED (taa ndogo ya kielektroniki) nyekundu moja, resista (kifaa cha kupunguza mkondo wa umeme) ya omu 470, waya zenye klipu, na penseli mbili zilizochongwa ncha zote mbili. Upande chanya wa batri uende kwenye resista, kisha mguu mrefu wa LED; mguu mfupi uende kwenye penseli ya kwanza. Penseli ya pili irudi upande hasi. LED inakula volti 2 hivi, zinabaki 7, na 7 kwa 470 ni miliampia 15, kiasi salama kwake. Ukiacha resista LED itaungua pale pale ncha zikigusana.

Gusanisha penseli kwanza. LED isipowaka, umeigeuza, au penseli zako ni za rangi. Hizo ndani ni nta na rangi, hazipitishi kitu. Kisha tumia mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, ncha zikiwa sentimita moja kutoka nyenzake. LED inatakiwa kukaa kimya. Ikiwaka hafifu, maji yako ni ya bomba au chombo hakikusuuzwa, na kila utakachopima baadaye hakitaaminika. Hili ndilo kosa linaloharibu majaribio mengi kuliko yote: mtu anatia sukari kwenye maji ya bomba, LED inawaka, anaandika kwamba sukari inapitisha umeme.

Gramu 10 za sukari haziamshi LED. Gramu 5 za chumvi, kijiko cha chai cha kujaa sawasawa, zinaiwasha vizuri. Chumvi kavu haiwashi. Siki huwasha hafifu, kwa kuwa ni molekuli za kovalenti ambazo chini ya moja katika kila mia hugeuka ioni ndani ya maji. Usiache umeme upite kwa zaidi ya sekunde 10 kwenye maji ya chumvi, na fungua dirisha: penseli ya upande chanya hutoa klorini, hasi hutoa haidrojeni. Anayetumia waya wa shaba badala ya penseli ataona maji yakipata rangi ya kijani au buluu, na akitumia misumari atapata kahawia. Rangi hiyo inatoka kwenye waya na misumari, si kwenye sampuli. Anayetumia mita kupima ukinzani kwenye maji ya chumvi ataona namba zikitambaa bila kutulia, maana umeme wa mkondo mmoja hurundika ioni kwenye ncha. Vifaa vya maabara hutumia umeme unaogeuka geuka kwa sababu hiyo.

Kwa joto, weka punje chache kwenye kijiko cha chuma cha pua na ukishike kwa koleo juu ya mshumaa. Nta inayeyuka ndani ya sekunde. Sukari inayeyuka, inatoa povu, inakuwa kahawia. Chumvi inaweza kupasukapasuka na kuruka, na wengi huandika kwamba imeanza kuyeyuka. Ni maji yaliyonaswa ndani ya fuwele yanayogeuka mvuke na kuzichana, kwa hiyo vaa miwani. Mchanga wa kwatzi haufanyi lolote. Weusi utakaouona chini ya kijiko ni masizi ya mshumaa. Ufute kabla ya kuandika kwamba sampuli imeungua.

Sampuli ikipita moto bila kuyeyuka na isimumunyike, batri haiwezi kukuambia kama ni wavu wa kovalenti kama kwatzi au fuwele ya ioni kama oksidi ya magnesiamu. Siki kidogo kwenye chombo ina msaada hapo: oksidi ya magnesiamu humumunyika taratibu ndani ya siki na kuacha ioni, kwatzi inabaki ilivyo. Iache saa moja, utikise mara kwa mara, na linganisha na chombo cha siki tupu, kwa sababu siki ilikuwa inaiwasha LED hafifu tangu mwanzo.